Kuchagua prosesa na bodi mama kwa kompyuta ya kujiundia nyumbani: mwongozo kamili

Kompyuta inayoganda katikati ya kazi, inayojizima yenyewe au inayogoma kuwaka asubuhi, mara nyingi tatizo lake lilinunuliwa pamoja nayo. Prosesa inayokula umeme mwingi imefungwa kwenye bodi isiyomudu kuilisha. RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, inasukumwa kwa kasi ambayo hakuna aliyewahi kuijaribu kwenye bodi ile. BIOS, programu ya ndani ya bodi inayoiwasha kompyuta, ni ileile iliyotoka kiwandani, na tangu wakati huo mtengenezaji ametoa masahihisho kadhaa ambayo hayajawekwa. Prosesa na bodi mama ni chanda na pete, kwa hiyo hapa tutavichagua kwa pamoja, hatua kwa hatua, mpaka mashine iwake na ipite vipimo.

Ninamwandikia mtu anayetaka kompyuta ya kufanyia kazi miaka mitano, sita, bila kuifungua kila mara. Kwa mtu huyo neno kubwa ni nafasi ya ziada: kila kifaa kifanye kazi chini ya kikomo chake, iwe ni umeme, joto au kasi ya RAM. Karibu kila ushauri utakaousoma hapa chini unatokana na hilo.

Hatua ya 1: Andika kazi yenyewe

Chukua karatasi uandike programu utakazotumia kweli. Kwa barua, hesabu, intaneti, mikutano ya video na filamu, viini 4 hadi 6 vya kisasa (sehemu za prosesa zinazofanya kazi sambamba) vinatosha. Kwa kuhariri picha, kuandika programu za kompyuta au kurekodi sauti, tafuta viini 6 hadi 8. Video ndefu, michoro ya 3D na mashine pepe (kompyuta za kiprogramu ndani ya kompyuta) kadhaa zinazoendeshwa kwa pamoja zinastahili viini 8 hadi 16. Michezo hutegemea zaidi kadi ya grafiki na kashe ya prosesa (kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo ndani yake) kuliko wingi wa viini. Ndiyo maana Ryzen 7 7800X3D, yenye viini 8 na kashe ya MB 96, iliwashinda wenzake wenye viini 16 katika michezo mingi.

Pembeni andika mambo mawili zaidi: mashine itakaa imewashwa saa ngapi kwa siku, na itatunza kazi gani ambayo ikiharibika huwezi kuirudisha. La kwanza litaamua suala la joto, la pili litaamua suala la RAM.

Hatua ya 2: Soma jina la prosesa hadi herufi ya mwisho

Wengi husoma "i5" au "Ryzen 7" wakaishia hapo, kumbe habari muhimu iko mwishoni. Kwa Intel, K ina maana prosesa inaruhusu kuzidishwa kasi kuliko ya kiwandani, F ina maana haina grafiki za ndani, na T ni toleo la wati chache. Kwa AMD, X ni toleo la kasi zaidi, X3D lina kashe kubwa ya ziada, G lina grafiki za ndani zenye nguvu, na F halina grafiki kabisa. Ryzen za mfululizo wa 7000 na 9000 zisizo na F zina grafiki ndogo za ndani, za kutosha kuendesha skrini kwa kazi za kawaida. Ryzen za mfululizo wa 5000 zisizo na G hazina grafiki: bila kadi, skrini haitaonyesha kitu.

Mimi hushauri prosesa yenye grafiki za ndani hata kwa mtu atakayenunua kadi. Siku kadi ikifa, kazi inaendelea. Na siku skrini ikiwa nyeusi, unachomoa kadi, unahamishia waya kwenye bodi, na ndani ya dakika moja unajua kama kosa liko kwenye kadi au kwingine. Uwezo huo wa kutenganisha matatizo ni sehemu ya uimara wa mashine.

Ila prosesa za G zina mtego wake. Baadhi yake zimepunguziwa njia za PCIe, zile ambazo kadi na diski hupitishia data. Ryzen 5 8500G, kwa mfano, inaipa kadi ya grafiki njia 4 tu badala ya 16. Kama una mpango wa kuongeza kadi kubwa baadaye, hiyo si prosesa yako.

Sasa tuje kwenye wati, na hapa tukae kidogo. Namba ya wati iliyoandikwa kwenye boksi si kiwango cha juu cha umeme ambao prosesa itavuta. Intel siku hizi hutaja namba mbili: Core i5-12400 ni wati 65 za msingi na 117 inapokaza mwendo, Core i9-14900K ni 125 za msingi na 253 za juu. AMD hutaja TDP (namba ya joto inayoandikwa kwa wati), lakini kikomo halisi cha umeme kwenye soketi (kikalio cha prosesa kwenye bodi) za AM4 na AM5 ni takribani mara 1.35 ya namba hiyo. Kwa hiyo Ryzen 5 7600 ya wati 65 inaweza kuvuta 88, na Ryzen 9 7950X ya wati 170 inaweza kufika 230. Unapopima bodi, kipoza joto na pawa saplai, tumia namba kubwa. Anayetumia ndogo ananunua bodi ya wati 65 kwa prosesa ya wati 117, kisha anashangaa kwa nini kasi inashuka kila anapobana video.

Kwa kompyuta ya nyumbani inayotakiwa kudumu, chaguo langu la kwanza ni prosesa za daraja la wati 65 zenye viini 6 au 8. Tofauti yake na zile za wati nyingi huonekana kwenye vipimo, lakini kwa kazi za kila siku ni vigumu kuihisi, wakati tofauti ya joto na kelele ya feni utaihisi kila siku. Ukihitaji viini vingi, nunua kubwa kisha ipunguzie kikomo cha umeme kwenye BIOS. Bodi za AMD zina mpangilio uitwao Eco Mode kwa kazi hiyo. Za Intel zina vikomo vya umeme viitwavyo PL1 na PL2. Prosesa ya viini 16 iliyofungiwa wati chache bado hufanya kazi nyingi, na hupumua.

Hatua ya 3: Amua soketi

Soketi ndiyo inayoamua prosesa ipi iingie leo na ipi itaweza kuingia baada ya miaka mitatu.

AM5 ya AMD ilitoka mwaka 2022 na hupokea RAM ya kizazi cha DDR5 pekee. AMD imeahidi kuiendeleza hadi mwaka 2027 na kuendelea. Ahadi hiyo ina uzito kwa sababu ya historia ya AM4: Ryzen za kwanza zilitoka mwaka 2017, na mwaka 2022 ikatoka Ryzen 7 5800X3D ambayo iliingia kwenye bodi nyingi za 2017 baada ya kusasisha BIOS tu.

LGA1700 ya Intel inapokea kizazi cha 12, 13 na 14, na bodi zake ziko za DDR4 na za DDR5; karibu kila bodi huchukua aina moja tu, kwa hiyo soma kabla ya kununua RAM. Njia yake imefika mwisho. Iliyofuata, LGA1851 ya mwaka 2024, ni ya Core Ultra 200 na hutumia DDR5 peke yake.

Ukiniuliza nichague leo kwa mashine mpya, ni AM5, kwa sababu bodi nzuri ya leo ina nafasi kubwa ya kupokea prosesa nyingine baadaye. Lakini mwenye RAM ya DDR4 tayari asione aibu kuchukua AM4 au LGA1700 ya kizazi cha 12. Ni mifumo iliyokwisha kukomaa, kasoro zake zimejulikana na nyingi zimesahihishwa. Ukinunua vilivyotumika, hakikisha tu prosesa inakubaliwa rasmi na Windows 11 kama ndiyo utakayotumia: kwa jumla ni Intel kuanzia kizazi cha 8 na Ryzen kuanzia mfululizo wa 2000, pamoja na TPM 2.0, kipengele cha usalama. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025.

Hatua ya 4: Chagua bodi kwa kuanzia na umeme wake

Matangazo ya bodi hujaa taa za rangi na majina ya kivita. Wewe anza kutazama sehemu iliyo kando ya soketi, yenye vipande vya metali vya kupozea: VRM. Kazi yake ni kupokea volti 12 kutoka kwenye pawa saplai na kuzishusha hadi volti moja na kidogo ambazo prosesa inataka. Piga hesabu uone uzito wa kazi hiyo. Wati 120 kwa volti 1.2 ni ampea 100. Prosesa ikivuta wati 240, ni ampea 200 zinazopita kwenye vipande vidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Vikizidiwa vinapata joto, na joto likifika kikomo bodi inaikaba prosesa ipunguze kasi. Hapo prosesa haina kosa lolote, ila mwenye kompyuta ataona imekuwa nzito bila sababu.

Hivyo angalia mambo haya. Kwanza, VRM iwe na hitisinki halisi, kipande kizito cha alumini kilichofungwa kwa skrubu. Pande zote mbili za VRM zikifunikwa ni bora zaidi. Bodi nyingi za bei ya chini huacha vipande hivyo wazi. Pili, fezi, yaani vitengo vya VRM vinavyogawana mzigo. Maelezo kama 8+2 huonyesha fezi za viini na fezi za sehemu nyingine za prosesa, lakini usihesabu tu: fezi 6 zenye vipande vya ampea 60 kila kimoja zinaweza kushinda fezi 10 za vipande hafifu. Tatu, na hiki ndicho kipimo cha kuaminika kuliko vyote, tafuta majaribio ya watu waliopima joto la VRM ya bodi hiyohiyo ikiwa na prosesa kubwa kuliko yako. Ikikaa chini ya digrii 90 kwa mzigo mrefu, mimi huridhika. Ikikaribia 110, naiacha hata kama ni nzuri kiasi gani.

Kwa nini niwe mkali hivyo? Kwa sababu ya kapasita, vile vijipipa vya bodi vinavyotunza na kutuliza umeme. Kwa kapasita za elektrolaiti, kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba kila joto linapopanda kwa digrii 10, umri wake hupungua kwa nusu hivi. Miaka ya mwanzoni mwa 2000 bodi nyingi sana duniani zilikufa kwa kapasita zilizofura na kupasuka kwa sababu ya elektrolaiti mbovu. Siku hizi karibu bodi zote hutumia kapasita ngumu za polima, ambazo ni imara zaidi, lakini nazo huzeeka haraka zikikaangwa. Ukinunua bodi iliyotumika, itazame kwa mwanga mkali: kapasita yoyote iliyovimba kichwani, au alama ya kahawia kwenye ubao karibu na VRM, inatosha kukataa.

Kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii. Feni fupi inayokuja na prosesa hupuliza chini, hivyo hewa yake hupita pia juu ya VRM. Ukibadilisha ukaweka mnara mrefu au kipoza joto cha maji, hewa hiyo inaondoka. Prosesa itapoa vizuri huku VRM ikipata joto zaidi kuliko mwanzo. Ukifanya mabadiliko hayo, hakikisha kasha lina feni ya nyuma inayovuta hewa kupitia eneo hilo.

Hatua ya 5: Chipseti na ukubwa, kwa ufupi

Chipseti ni chipu ya bodi inayosimamia milango na viungio vyake. Kwa watu wengi bodi za daraja la B zinatosha: B650 au B850 kwa AM5, B760 kwa LGA1700, B860 kwa LGA1851. Za Z kwa Intel na za X kwa AMD ni za anayetaka milango mingi ya kasi, au, kwa Intel, anayetaka kuizidisha prosesa kasi. Za chini kabisa, A620 na H610, zinafaa kwa prosesa ndogo tu, na bodi za H610 huja na nafasi mbili za RAM. Tahadhari moja: B840 na B850 zinafanana majina, lakini B840 ni ya daraja la chini zaidi.

Ukubwa: ATX ni milimita 305 kwa 244, microATX ni 244 kwa 244, mini-ITX ni 170 kwa 170. MicroATX ndiyo inayofaa watu wengi. Mini-ITX inapendeza, ila joto lake ni gumu kulidhibiti.

Hatua ya 6: Soma kitabu cha bodi kabla ya kutoa pesa

Kila mtengenezaji anaweka kitabu cha maelekezo cha kila bodi kwenye tovuti yake, bure, katika PDF. Kipakue kabla ya kununua. Nusu saa hiyo itakuokoa na majuto mengi kuliko video kumi za sifa.

Fungua ukurasa wa vipimo vya bodi ukatafute habari za sloti za M.2, yaani nafasi za SSD nyembamba. Utakuta maandishi madogo yanayosema, kwa mfano, kwamba sloti ya tatu ya M.2 ikitumika, milango miwili ya SATA (ya diski za waya) inazimika, au kwamba sloti fulani ya pili inapunguza njia za kadi ya grafiki kutoka 16 hadi 8. Mwenye diski nne za zamani akikosa maandishi hayo, ataweka SSD mpya na diski mbili zitapotea kwenye orodha, naye atadhani zimekufa.

Kisha fungua ukurasa unaoonyesha upande wa nyuma wa bodi uhesabu milango ya USB, milango ya skrini na mlango wa mtandao. Angalia kama ndani kuna kiungio cha mlango wa USB-C wa mbele ya kasha lako. Tazama pia vitu viwili vidogo ambavyo mimi siwezi kununua bodi bila kimojawapo: kitufe cha kusasisha BIOS bila prosesa, na taa nne za kuonyesha kosa, zenye majina CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (grafiki) na BOOT (kuanza mfumo). Bodi isiyo na taa hizo ikigoma kuwaka, unabaki kubahatisha.

Mwisho, nenda kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa. Tafuta jina la prosesa yako, kisha soma safu ya toleo la BIOS inayohitaji. Liandike toleo hilo kwenye karatasi yako.

Hatua ya 7: RAM inayokubalika

Vijiti viwili vya aina moja vilivyouzwa kwenye pakiti moja. Hilo ndilo jibu fupi, na ukikosea hapa ndipo penye makosa ya ajabu yasiyokamatika.

Sababu ni kwamba DDR5 haipendi vijiti vinne. Kwa Ryzen 7000, kasi rasmi ya vijiti viwili ni 5200. Ukijaza nafasi zote nne inashuka hadi 3600. Baadhi ya bodi zitakubali zaidi ya hapo, nyingine zitawaka leo na kugoma kesho. Kwa hiyo ukitaka GB 64, nunua vijiti viwili vya GB 32, usinunue vinne vya GB 16 wala usiseme utaongeza viwili baadaye. Na tafuta namba kamili ya RAM hiyo kwenye orodha ya RAM zilizojaribiwa na mtengenezaji wa bodi.

Kasi kubwa zinazotangazwa kwenye pakiti hupatikana kwa kuwasha mpangilio uitwao XMP au EXPO kwenye BIOS, na huko ni kuizidisha kasi kuliko kiwango rasmi. Kwa AM5, DDR5-6000 imezoeleka na huenda vizuri kwa watu wengi. Lakini ukiona makosa yoyote kwenye vipimo vya mwishoni, rudi 5600 au 5200 bila majuto.

Mwenye kazi zisizoweza kurudishwa afikirie RAM ya ECC, inayogundua na kusahihisha makosa ya biti moja. DDR5 ya kawaida ina usahihishaji ndani ya chipu yenyewe, lakini haulindi data ikiwa njiani kati ya RAM na prosesa, kwa hiyo si mbadala wa ECC kamili. Prosesa nyingi za Ryzen za mezani huikubali kama bodi nayo imeandika wazi kwamba inaikubali. Kwa Intel ya kizazi cha 12 hadi 14 unahitaji bodi ya chipseti ya W680. Nunua aina ya UDIMM, ya kompyuta za mezani. RAM za seva za aina ya RDIMM zinaweza kukuvutia kwa bei, lakini kwenye bodi hizi za DDR5 haziingii.

Hatua ya 8: BIOS ni sehemu ya kifaa

Mwaka 2023 baadhi ya prosesa za Ryzen 7000X3D ziliungua kwenye soketi kwa sababu bodi zilikuwa zikizipa volti nyingi mno kwenye SoC, sehemu ya prosesa iliyo nje ya viini. AMD ikatoa sahihisho lililofungia volti hiyo isizidi 1.3. Mwaka 2024 Intel ilithibitisha kwamba prosesa za mezani za kizazi cha 13 na 14, hasa Core i7, Core i9 na i5 za K, zilikuwa zikizeeka kabla ya wakati kwa sababu ya volti za juu. Masahihisho yalitoka kwa awamu, likiwemo la 0x12B mwezi Septemba mwaka huo, na Intel ikaongeza waranti kwa miaka miwili. Lakini sahihisho huzuia tu. Prosesa iliyokwisha kudhurika haiponi.

Matukio hayo mawili yamebadilisha namna ninavyowashauri watu. Bodi yenye umeme imara ambayo mtengenezaji wake haitolei masahihisho ni bodi nusu. Kabla ya kununua, fungua ukurasa wa msaada wa bodi hiyo utazame tarehe za matoleo ya BIOS. Bodi ya zaidi ya mwaka mmoja yenye toleo moja tu la zamani, iache. Na kama unanunua i7 au i9 ya kizazi cha 13 au 14 iliyotumika, jua kwamba huwezi kujua iliishi vipi kabla ya sahihisho. Mimi ningechukua ya kizazi cha 12, ambayo haimo katika tatizo hilo.

Kusasisha bila prosesa ni rahisi. Pakua faili, lifungue, lipe jina lililoandikwa kwenye kitabu, liweke kwenye flashi iliyoumbizwa FAT32. Chomeka flashi kwenye mlango wa USB wenye alama ya BIOS, unganisha waya wa pini 24 na wa pini 8, kisha bonyeza kitufe mpaka taa ianze kupepesa. Usiguse kitu hadi iache. Kama umeme wako hukatika, fanya kazi hii ukiwa na UPS, kwa sababu umeme ukikatika katikati unaweza kuiacha bodi bila BIOS.

Hatua ya 9: Kuunganisha

Fanya kazi juu ya boksi la bodi, nje ya kasha. Gusa chuma kilichounganishwa na ardhi kabla ya kushika chochote.

Kwenye soketi za LGA (zote tulizotaja isipokuwa AM4), pini ziko ndani ya bodi na ni laini kama unywele. Ukipindisha moja, bodi inaweza isione nusu ya RAM. Usizishike wala kuzipuliza kwa mdomo. Inua mkono wa chuma, fungua fremu, na acha kifuniko cheusi cha plastiki mahali pake. Shika prosesa kwa kingo, linganisha pembetatu ndogo iliyo pembeni na ile ya soketi, linganisha vijikato vya pembeni, kisha iachie ikae kwa uzito wake. Ijaribu kwa kidole: isiwe inacheza. Funga fremu na ushushe mkono. Mkono utakataa kidogo, utahitaji nguvu, na utasikia mkwaruzo mdogo. Ni kawaida. Kifuniko kitaruka chenyewe, kitunze.

RAM iende kwenye nafasi ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa, yaani A2 na B2 kwenye bodi nyingi. Isukume mpaka isikike ikibana.

Waya wa prosesa wa pini 8 hugawanyika 4 na 4. Wa kadi ya grafiki hugawanyika 6 na 2. Vinafanana, lakini volti zake zimepangwa kinyume, hivyo ukiona haingii usilazimishe. Na usichanganye kamwe waya za pawa saplai moja na nyingine hata kama plagi zinaingiana: upande wa pawa saplai kila mtengenezaji hupanga pini anavyotaka, na kosa hilo huunguza diski na bodi kwa sekunde.

Kasha nalo lina vinguzo vya shaba chini ya bodi. Viwe vile tu vinavyolingana na matundu ya bodi yako. Kilichozidi kinaweza kugusa nyuma ya bodi na kuleta shoti.

Hatua ya 10: Kuwasha na kupima

Washa mara ya kwanza bado ikiwa juu ya boksi. Kwenye AM5 skrini inaweza kubaki nyeusi kwa dakika kadhaa, taa ya DRAM ikiwaka, kwa sababu bodi inajifunza RAM yako. Subiri walau dakika 10 kabla ya kuizima. Wengi huzima baada ya dakika moja, wanaanza upya, na hatimaye wanarudisha bodi nzima dukani.

Ndani ya BIOS, hakikisha RAM yote inaonekana. Kwa Intel, chagua mpangilio wa kawaida wa Intel badala ya ule wa mtengenezaji wa bodi, kwa kuwa bodi nyingi zilizoea kuondoa vikomo vya umeme zenyewe. Usiwashe XMP au EXPO bado.

Kisha vipimo, kwa mpangilio huu. Weka Memtest86+, programu ya kupima RAM, kwenye flashi uiache izunguke usiku kucha. Kosa linalokubalika ni sifuri. Hata moja tu ni sababu ya kubadilisha RAM. Ikipita, washa XMP au EXPO uipime tena usiku mwingine. Halafu sakinisha mfumo, endesha Prime95 au OCCT, programu za kuipa prosesa mzigo mzito, kwa saa nzima huku ukitazama joto kwenye programu ya HWiNFO. Intel za LGA1700 hujikaba zinapofika digrii 100, Ryzen 7000 nyingi 95, na zile za X3D 89. Ryzen 7000 za X ziliundwa ziweze kukaa kwenye 95 chini ya mzigo mzito, kwa hiyo usiogope ukiona hivyo. Mimi hata hivyo huzipunguzia wati.

Baada ya wiki moja ya matumizi, fungua kumbukumbu za matukio za Windows utafute WHEA-Logger. Kwenye Linux tafuta neno "mce" kwenye kumbukumbu za keneli. Hayo ni makosa ambayo kifaa kimeyaona hata kama hukuona kompyuta ikiganda. Yakijirudia, zima XMP kwanza, kisha sasisha BIOS. Yakiendelea na mipangilio yote ya kawaida, dai waranti ungali ndani ya muda.

Kabla ya kurudisha bodi yoyote, funika soketi kwa kile kifuniko cheusi. Watengenezaji wengi hukataa bodi ya LGA iliyofika bila hicho kwa hoja ya pini zilizopinda, kwa hiyo kiweke ndani ya boksi la bodi pamoja na risiti siku ileile unayomaliza kuunganisha.